Mota ya mashine kuwa jenereta: inatoa umeme, lakini kwanza soma yaliyonifika

Ndugu yangu, umeuliza kama mota ya fezi tatu ya mashine ya kukobolea mpunga inaweza kusukumwa na injini ya dizeli na kuungwa kwenye laini ya umeme, ili nyumba isikae kiza umeme ukikatika. Kutoa, inatoa. Mimi nilijaribu hapa Wete bila kumuuliza mtu, na nilifanya makosa.

Injini tulikuwa nayo tangu kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010. Mota ni ya kilowati 5.5, kibao chake kinasema mizunguko 1440 kwa dakika. Nguvu ya sumaku inayojengwa na umeme ndani ya mota huzunguka 1500, mota hubaki nyuma kwa 60. Nikabadilisha puli injini iifikishe 1560. Klampu mita, kipimo cha ampea kinachobana waya, ikaonesha ampea zinashuka hadi kama 5, kisha zinapanda tena: hapo mota imeacha kula, imeanza kutoa. Zile 5 haziondoki, ndizo zinazojenga sumaku, na mota huziazima kwenye laini. Kwa hiyo laini ikifa, mota nayo kwa kawaida hufa. Kiza chako kiko palepale.

Yangu haikufa. Ilikuwa imefungwa kapasita za kupunguza ampea. Nikazima meni switchi, wallahi taa za bandani zikazidi kuwaka, balbu mbili zikapasuka. Injini imekosa mzigo inakimbia, kapasita zinailisha mota zile ampea za sumaku badala ya laini, volti zinapanda. Nilikata mafuta mikono inatetemeka. Ingekuwa umeme umekatwa nje, na fundi yuko juu ya nguzo akiamini laini imekufa? Kijana wa jirani yetu ndiyo kazi yake hiyo. Usiku ule sikulala.

Faida yenyewe haipo. Lita moja ya dizeli kwenye injini ndogo hukupa kama yuniti 3 tu, na mita nyingi za tokeni hazirudi nyuma. Nyengine huhesabu unachotoa kama umetumia.

Unachotaka wewe ni jenereta ya kawaida na swichi ya njia mbili, ambayo haiwezi kuunganisha jenereta na laini kwa pamoja. Ukiwa na upepo au maji ya kusukuma mota bure, nenda ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, kwanza, na pafungwe kifaa kitakachoikata mota chenyewe laini inapopotea. Andika hapa vyombo unavyotaka kuwasha, tukadirie ukubwa wa jenereta.