Kuogelea Ziwa Nyasa ukiwa Matema

Watu huuliza kama Matema, ufuoni mwa Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, kunaogeleka. Ndiyo, kunaogeleka, lakini maji kuwa maangavu si uthibitisho kwamba hayana kichocho. Vimelea vya ugonjwa huo hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi kwa dakika chache, na katika Ziwa Nyasa wapo konokono wanaoishi hata kwenye mchanga wa ufuo ulio wazi, si kwenye matete peke yake. Kujifuta upesi kwa taulo, kama wengi tunavyoshauriana, hakutoshi kukukinga.

Mimi nikifika huko huingia penye mchanga, mbali na matete na mahali watu wanapofulia, na mdomo wa mto Lufilyo siusogelei kabisa kwa sababu ya mamba. Waulize wavuvi asubuhi wanapoanika nyavu. Watakuonyesha kwa kidole pa kuingilia na pa kuacha.

Jambo ambalo wageni wengi hulikosea ni dawa. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo ya ugonjwa huo iliyokomaa, kwa hiyo kuimeza siku unayorudi nyumbani hakusaidii sana; ni afadhali usubiri wiki 6 hadi 8, kisha uende kituo cha afya ukapime mkojo na choo, na umweleze mhudumu waziwazi kwamba uliogelea ziwani. Ukipata homa, vipele vinavyowasha au damu kwenye mkojo kabla ya muda huo, tafadhali usisubiri, nenda siku hiyohiyo.