Mwanangu, hizo fulana zisubiri kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeupata na nimeusikiliza mara mbili: mara ya kwanza nikiwa nachambua kunde, mara ya pili nikiwa nimetulia kabisa. Dakika 7! Baba yako akaniuliza hiyo ni redio gani. Mimi nikijirekodi huwa nasahau nilikuwa naelekea wapi, kwa hiyo naona nikuandikie tu.

Ulisema hivi: tangu Machi umepewa vijana 14 wa kupokea simu za wateja. Malengo ya mwezi yanafikiwa, lakini watu wako wapo wapo tu. Kikaoni ukiuliza kama kuna mwenye la kusema, wote wanaangalia meza. Wawili wameomba kuhamia kitengo kingine. Bosi wako kakupa fungu uwapeleke Kigamboni wakale kuku na kuvaa fulana zenye maneno ya kutia moyo. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe ulikuwa na manesi 11 wodi ya wazazi, mshahara kiduchu, wagonjwa wawili kitanda kimoja, na hawakukukimbia. Uliwafanyia nini?"

Walinikimbia, mwanangu. Mwaka wa kwanza waliondoka wanne. Wewe ulikuwa chekechea, ulichojua ni kwamba mama akirudi jioni asisemeshwe.

Nilipewa uinchaji, yaani usimamizi wa wodi, mwaka 1995, na nilidhani uinchaji ni macho makali. Ripoti ya asubuhi niliiendesha kama mahakama. Nesi wa usiku anasimama, anasoma daftari, na mimi nasubiri akosee. Kulikuwa na binti mmoja ametoka chuoni, hana hata miezi mitatu. Siku moja alisoma presha ya mama wa kitanda cha sita, akarudi nyuma kujisahihisha, nikamuuliza mbele ya wenzake, mbele ya wagonjwa wenyewe: "Wewe chuoni ulikwenda kusoma au kula?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Binti akakaa chini, na kuanzia siku hiyo ripoti zake zikawa fupi na safi kabisa. Nikajisifu kwamba nimemnyoosha.

Sasa sikiliza habari ya friji. Friji yetu ilikuwa ya mafuta ya taa, ile yenye utambi chini, maana umeme ulikuwa wa kubahatisha. Ndani tuliweka ergometrini, sindano ya kumchoma mama akishajifungua ili kizazi kikaze asivuje damu. Dawa ile inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na giza. Ikikaa kwenye joto inapungua nguvu, na wakati mwingine kwa macho huoni tofauti yoyote. Unamchoma mama ukiamini umemkinga.

Jumatatu asubuhi nafungua friji, nakutana na hewa ya vuguvugu. Utambi mweusi, baridi. Kuulizauliza, moto ulikuwa umezimika tangu Jumamosi mchana, na wauguzi watatu walikuwa wamefungua friji ile baada ya hapo. Mmoja ni yule binti. Nikamvuta chumba cha dawa.

"Uliona?"

"Niliona, sista."

"Mbona hukusema?"

Akanyamaza muda mrefu, anakunja kona ya aproni yake. Halafu akasema, "Nilijua utaniuliza ni nani aliyeizima."

Na kweli, mwanangu, hilo ndilo swali nililokuwa nalo mdomoni.

Boksi zima tukalirudisha famasi likateketezwe, tukaomba jingine. Mungu alisaidia, Jumapili ile walijifungua wachache na hakuna aliyevuja damu. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa na wodi iliyonyooka kama mstari, ripoti safi, sare zimepigwa pasi, na watu watatu wamepita mbele ya friji iliyokufa wakanyamaza kwa sababu yangu.

Kesho yake kwenye ripoti nilianza na langu. Nikawaambia Ijumaa jioni nilikuwa zamu, kiwango cha mafuta kilikuwa chini, nikasema nitamwambia mhudumu ajaze, nikasahau. Ilikuwa kweli. Unajua ilivyo vigumu mtu mzima kusema hivyo mbele ya mabinti? Koo lilinikauka. Halafu nikabadilisha utaratibu: mdogo kabisa ndiye aanze kusema, mimi niwe wa mwisho. Na swali nikalibadilisha. Badala ya "nani kafanya", likawa "nini kimetusumbua usiku huu?" Wiki mbili za kwanza hawakusema kitu. Walidhani ni mtego, na haki yao. Wiki ya tatu mhudumu wetu, mama aliyekuwa akipiga deki wodi ile kwa miaka 16, akasema ndoo ya jiki na ndoo ya maji safi zinafanana, usiku mtu anaweza kuchanganya. Miaka 16 hakuna aliyemuuliza. Tukaifunga moja kitambaa chekundu, basi.

Yule binti nikamkabidhi friji. Wenzake walidhani ni adhabu, ila mimi sikumkabidhi kazi ya kuitazama tu, nilimpa na ufunguo, karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni, na ruhusa ya kuhamisha dawa bila kuniuliza. Hapo kwenye ruhusa ndipo penye ugumu. Usiku mmoja moto ukagoma, akamwamsha mlinzi, akafunguliwa kliniki ya mama na mtoto, dawa zote akazihamishia kwenye friji ya chanjo. Mimi nikapata habari asubuhi, kama mgeni. Nikahisi damu inapanda: kliniki imefunguliwa usiku, na inchaji hajui! Nikaumeza ulimi wangu. Ningemkaripia siku ile, ningerudi Jumamosi ya utambi.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina, mkufunzi akatueleza habari za profesa mmoja wa Marekani, Amy Edmondson. Mwaka 1996 alichapisha utafiti wake wa makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Akakuta kinyume: timu zilizokuwa na uongozi mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoandikwa. Alipolichunguza zaidi akaona kuwa watu wa wodi zile walikuwa wanasema, na wa wodi nyingine walikuwa wanaficha. Nilicheka peke yangu, mkufunzi akanitazama. Miezi baada ya ile friji daftari langu la matukio lilikuwa limejaa kuliko wodi zote, na matroni, mkuu wa wauguzi wote, aliniita kuniuliza kama nimeshindwa kazi.

Kwa hiyo ukiniambia kwamba kitengo chako hakina malalamiko hata moja, moyo wangu haupoi.

Tena kuna hili la hapa hapa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, mwaka 2007 na 2008, lilichagua hospitali 8 duniani, na mojawapo ni ya Ifakara, pamoja na za London, Seattle, Toronto na kwingineko. Orodha yenyewe ina vipengele 19, ukurasa mmoja tu. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mambo mengi yalichangia, dawa ya kuzuia maambukizi kutolewa kwa wakati, kuhesabu vitambaa, na mengine. Lakini kipengele kilichonigusa mimi ni kile cha kila mtu chumbani kutaja jina lake na kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi. Daktari bingwa anamsikia nesi mdogo akitaja jina. Mtu ambaye mdomo wake umeshafunguka mara moja, kufunguka mara ya pili si kazi. Wewe wale 14 unawajua kwa majina yote? Mwenye mtoto mchanga ni yupi?

Sasa rosta, ile ratiba ya zamu. Hapa nitakaa kidogo, maana rosta imeua timu nyingi kuliko mishahara. Mwanzoni niliiandika nyumbani, mezani kwetu, naibandika Ijumaa jioni na kuondoka haraka. Walikuwa wanaiita rosta ya shemeji, nilikuja kujua baadaye. Mabinti niliosali nao kanisa moja hawakuwa wakiona naiti, zamu ya usiku, mbili mfululizo. Sikukusudia, nakuapia, ila mkono unaandika kile moyo unachopenda. Baada ya friji nikaanza kuiandika kwa penseli siku 10 kabla, naiacha chumba cha chai na daftari pembeni: mwenye harusi, mwenye mtoto kliniki, mwenye mtihani, aandike. Waislamu wakachukua Krismasi, Wakristo wakachukua Idd, wao wenyewe walipanga. Na jina langu nikaliweka naiti. Mkesha wa Krismasi mmoja nilikuwa nao, tukazalisha watoto wanne, tukanywa chai ya tangawizi saa kumi alfajiri tumekaa kwenye ndoo. Ndipo nilipojua kwamba taa ya korido ya nyuma ilikuwa mbovu miezi mitano na wanapita na tochi mdomoni. Mchana huwezi kuliona hilo.

Kwenu kuna zamu pia. Kaa na rosta ya miezi mitatu iliyopita, hesabu kwa kalamu nani kakaa usiku wa Jumamosi mara ngapi. Usinitumie mimi majibu.

Hela je? Sitakudanganya kwamba sifa inanunua unga. Posho ya sare ilikuwa ikichelewa, na mimi sikuwa na uwezo wa kuitoa. Nilichokuwa nacho ni miguu. Kila Alhamisi nilikwenda uhasibu, nikarudi na jibu, hata kama jibu ni "bado". Kinachowamaliza watu ni kutokujua kama kuna mtu anayeuliza. Na nilipoambiwa uongo, niliwaambia nimeambiwa hivi na siamini sana. Walinisamehe mengi kwa hilo.

Baadaye kabisa yalikuja mambo ya 5S kutoka Japani, utaratibu wa hatua tano wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, yaliyoanzia hospitali ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007. Mabango yakabandikwa: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mazuri. Penye watu waliozoea kusema yalifanya kazi, pengine yakabaki kuwa mabango.

Usije ukadhani nilikuwa malaika. Kulikuwa na kaka mmoja anayesaini naiti na kwenda kulala kwake. Nilimwita peke yake mara ya kwanza, nikamuuliza kama kuna shida nyumbani. Mara ya pili nikamwandikia barua. Mara ya tatu nikampeleka kwa matroni na sikurudi nyuma, ingawa mke wake alikuja kunililia. Wenzake walikuwa wamembeba miezi 8 wakinitazama kama mimi sioni. Alipoondoka, hakuna aliyelalamika kwamba tumepungua.

Na hao wawili wanaotaka kuhama, usiwazuie kwa hasira. Waite mmoja mmoja, nje ya ofisi, waulize ni jambo gani la kila siku linalowachosha. Usijitetee. Yule binti wa friji alipotaka kwenda kujiendeleza nilimpangia zamu ili asome, ingawa nilijua namkosa. Akaenda miaka miwili. Leo ndiye anayeshika wodi ile, na akinipigia simu bado ananiita sista.

Sasa nirudi kwenye ujumbe wako, dakika ya nne kama sikosei, maana nilirudisha nyuma nisikie vizuri. Ulikuwa unaeleza habari za malengo, ukapitisha haraka haraka: "hedifoni tatu ni mbovu, wanaazimana, ila siku hizi wameacha hata kulalamika." Halafu ukaendelea na kuku wa Kigamboni.

Wameacha hata kulalamika! Mwanangu, hiyo si ndiyo friji yako?

Kwa hiyo fulana zisubiri. Mrudie bosi wako na hesabu ya hedifoni tatu dhidi ya fulana 14, akikataa waambie vijana kwamba umekwenda na umekataliwa, na utarudi lini. Kigamboni nendeni tu, nani anakataa kuku, lakini usisimame kuhutubia. Wabebee maji, kaa na wale wa usiku.

Kunde nimekuwekea debe moja, atakuja nazo mjomba wako Alhamisi, kampokee Magufuli Stendi maana mgongo wake haufai tena kubeba. Na usimpe hela ya soda, madaktari wamemkataza sukari na yeye anajifanya hajasikia.

Mama yako