Umra na watoto: kwa nini mdogo kaambiwa sindano mbili na kaka yake moja?

Dada, nimesoma swali lako nikacheka, maana mwaka 2016 nilikuwa nimesimama hapohapo. Unasema mnakwenda Umra, kaka mtu wa miaka 5 kachomwa sindano moja ya uti wa mgongo, mdogo wake wa miezi 14 kaambiwa mbili, na mumeo anaona hapo watu wanatafuta hela tu. Si hela. Ni mwili wa mtoto mdogo ulivyo.

(Tuelewane kwanza: ni homa ya uti wa mgongo, si ile UTI ya mkojo. Shangazi yangu aliposikia mtoto kachanjwa "uti" aliniletea maji ya dafu chupa nzima.)

Yangu ilikuwa hivi. Wa pili alikuwa na miezi 16. Tukaenda zahanati moja ya binafsi, nikalipa, mchomaji keshatoa kichupa. Wifi yangu ni muuguzi na siku hiyo alinisindikiza. Akaomba boksi, akasoma karatasi ya ndani, akasema, "Wifi, hii haimfai." Ilikuwa chanjo ya zamani, na karatasi imeandika kuanzia miaka 2. Tukatoka, mimi nimenuna kwa ajili ya pesa yangu. Ndani ya daladala ndiyo nikapewa darsa.

Meningokoki, mdudu mwenyewe, amejivika koti la sukari. Chanjo ya zamani ni vipande vya koti hilo, basi. Mtu mzima akionyeshwa sukari hiyo, seli B zake (seli za kinga zilizomo kwenye damu) hutengeneza kingamwili, yaani silaha za kumkamata mdudu, zenyewe bila kusubiri msaada. Za mtoto wa chini ya miaka 2 bado changa. Zinaitazama na kuipita, au zinatoa kingamwili chache zinazopotea baada ya miezi michache. Kumbukumbu haibaki. Tena ukirudia sindano hiyohiyo, kwa kundi C hasa (mdudu huyu ana makundi kadhaa, yanaitwa kwa herufi), mwili unaweza kuitikia kwa unyonge kuliko mara ya kwanza. Hapo kuongeza ni kupunguza.

Chanjo mpya inachukua sukari ileile na kuifunga kwenye protini, mara nyingi ya pepopunda au ya dondakoo iliyokwisha kuondolewa sumu. Protini ni kitu ambacho seli T za mtoto (seli nyingine za kinga) zinakishughulikia hata akiwa mchanga. Zikiikamata, zinaziamsha seli B, na seli B sasa zinalazimika kuishughulikia na sukari iliyoning'inia pale. Ndipo kingamwili zinapokuwa nyingi na kumbukumbu ikabaki.

Mwanao tayari anaijua mbinu hiyo. Kipengele cha Hib (mdudu mwingine wa homa ya uti wa mgongo) ndani ya penta, ile chanjo ya magonjwa matano, kimetengenezwa hivyo, na chanjo ya nimonia vilevile, zile za wiki ya 6, 10 na 14 kwenye kadi ya kliniki. Nazo zinazuia homa ya uti wa mgongo, lakini ya wadudu wengine. Usiambiwe "huyu keshachanjwa zote".

Sasa hizo mbili. Hata sukari ikifungwa kwenye protini, kwa mdogo kinga inashuka upesi. Waingereza walianza chanjo ya kundi C mwaka 1999, watoto wakichomwa wakiwa na miezi 2, 3 na 4. Baadaye ikaonekana kwa waliochanjwa wachanga kiasi hicho, mwaka mmoja tu kinga imepungua sana. Mwaka 2006 wakaongeza dozi mtoto anapofikisha mwaka. Nilimuuliza wifi, si umesema kumbukumbu inabaki? Akasema inabaki, ila kuamka kwake kunachukua siku kadhaa, na mdudu huyu anaweza kumaliza mtoto ndani ya saa 24. Kingamwili zinatakiwa ziwe zinazunguka kwenye damu kabla hajaingia. Hili alinirudia mara tatu, mpaka konda akawa anasikiliza.

Tuliyoipata sisi mwishowe ilitaka dozi mbili kwa mtoto wa miezi 9 hadi 23, zikiachana miezi 3. Safari ilikuwa baada ya wiki saba. Tukaisogeza mbele, mume akanuna siku mbili. Lakini zipo nyingine zinazotosha dozi moja kuanzia miezi 12, kwa hiyo kabla ya kusogeza tarehe uliza ni ipi waliyonayo, na usione haya kuomba boksi. Usiku wa dozi ya kwanza alipata homa, paja likavimba, akalia mpaka alfajiri. Kesho yake jioni anakimbiza kuku.

Saudia wanataka chanjo ya makundi manne, A, C, W na Y, kwa kila msafiri wa Hija au Umra kuanzia mwaka mmoja, iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Hiyo W wanaitaka kwa sababu ya mlipuko wa Hija ya mwaka 2000, mahujaji wakarudi nayo nchi mbalimbali na kuwaambukiza hata jamaa wasiosafiri. Na kwenye cheti hakikisha wameandika aina ya chanjo: ile ya kufungwa na protini inahesabiwa miaka 5, ya zamani miaka 3 tu. Cha mwanangu waliacha nafasi hiyo wazi, nikarudi foleni upya.