Maunti ya giaboksi: raba au poliyurethani?
Kaka, kwa Subaru WRX yako ya 1999 inayogonga "ko!" kila ukiingiza gia ya pili, mimi ningeweka maunti (kile kishikio kinachoibeba giaboksi) ya raba, tena ile ngumu kidogo ya Group N, yaani ya magari ya mashindano, ya Subaru wenyewe. Poliyurethani, ile plastiki ngumu, huishika giaboksi barabara, lakini mngurumo wote unaingia ndani. Ukifika Mombasa masikio yanavuma. Gari la mashindano sawa, la kumpeleka mama sokoni hapana.

Ila kabla hujanunua, mwambie fundi aangalie ule mkono mfupi wa juu unaoishika giaboksi kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Raba zake zikifa, mlio ni uleule, na wenyewe ni rahisi zaidi kubadilisha. Atazame pia kama sili ya nyuma ya giaboksi inavuja, maana oili ikidondokea raba mpya nayo itavimba na kulainika.

Kufungua maunti kwenyewe si kazi: stendi chini ya gari, jeki na kipande cha ubao chini ya giaboksi. Bolti zetu za Malindi ndizo hula siku, kwa chumvi hii! Zipulizie dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi. Wakati wa kurudisha, ziingize zote kwa mkono kwanza, ndipo ukaze.