Mdogo wangu anakimbia juani na koti la mvua eti ashushe kilo

SWALI: Mambo kaka, pole na majukumu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, anacheza ngumi hapa Chang'ombe Dodoma, ana kilo 70. Kocha kamwambia pambano lake la kwanza atacheza uzito wa welta, sasa saa saba mchana dogo anakimbia kavaa koti la mvua, maji hanywi, ugali hagusi. Hivi hizo kilo tatu zina nini mpaka mtu ajitese hivi? Dada wa bondia.

JIBU: Poa dada, pole na wewe. Kwa ngumi za kulipwa, welta mwisho wake ni pauni 147, ndo kilo 66.68. Juu yake ipo supa welta, mwisho 69.85, yani dogo akiamka akaenda chooni tu kashaingia huko, na sio uzito wa kudharau, ndo huo bondia wetu Hassan Mwakinyo alimpigia Muingereza Sam Eggington kule Birmingham 2018.

Sasa hii ya kukausha maji wameiga kwa mapro, mabondia wa kulipwa, wale wanapimwa siku moja kabla kwahiyo mtu anajikausha apite mzani, akishuka tu anakunywa anakula, kesho usiku anapanda ulingoni kashaongeza kilo kadhaa ili amzidi mwenzake mwili. Ila na mwenzake kafanya hivyohivyo 😅 mmeteseka wote mkakutana palepale. Na ngumi za ridhaa mnapimwa asubuhi ya siku ya pambano, hayo maji utayarudisha saa ngapi? Unaingia mdomo mkavu, miguu mizito, unapigwa na mtu aliyekunywa chai yake vizuri.

Na jua la Dodoma unalijua. 2015 kule Manila mpiganaji wa Kichina, Yang Jian Bing, miaka 21, alifariki kwa kukausha maji ashushe kilo, hata ulingoni hakufika. Waandaaji, ONE Championship, wakapiga marufuku, siku hizi wanapima mpaka mkojo kuona mtu ana maji mwilini.

Kwahiyo koti alivue leo. Kama lazima ashuke basi ashuke kwa miezi, aache soda na chipsi, ugali wa uwele na mlenda ale kama kawaida. Ukiona kichwa kinamuuma, anaongea ovyo, mpeleke kivulini umwagie maji na hospitali hapohapo. Na kocha muulize kwa upole tu, pambano ni la ridhaa au la kulipwa, na mzani ni lini? Akianza kuzunguka, mtafutie dogo kocha mwingine.