Umelala na sukari 6.8 umeamka na 8.1 (kwa kipimo cha mmol/L)? Usitupe mashine ya kupimia

Mkuu, umeuliza inakuwaje sukari ipande usiku wakati hujatia kitu mdomoni, na kama mashine imekufa. Mimi nina kisukari aina ya 2, na mwaka wa kwanza jambo hilo lilininyima raha. Nilibadilisha stripu, nikabadilisha betri, mwishowe nikaanza kulala njaa. Asubuhi inasoma juu vilevile!

Kosa langu lilikuwa kudhani glukosi, yaani sukari ya damu, huingia kwenye damu kupitia mdomoni tu. Ini lina ghala lake. Ukila, linaweka akiba ya glaikojeni (glukosi iliyofungwa pamoja), kama gramu 100 hivi. Usiku linaifungua kidogo kidogo, na pia linatengeneza glukosi mpya kwa malighafi nyingine za mwilini kama laktati, gliseroli na asidi amino. Halina hiari. Ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 kwa siku, na chembe nyekundu za damu hazijui chakula kingine. Ila damu yote ya mtu mzima asiye na kisukari hubeba gramu nne au tano tu, kijiko kimoja cha chai! Kijiko hicho kinachotwa na kujazwa usiku na mchana. (Misuli ina akiba kubwa kuliko ini, lakini bahili: haina kimeng'enya cha kuiachia glukosi irudi kwenye damu.)

Sasa, kuelekea alfajiri homoni ya kotisoli na ile ya ukuaji hupanda, na ini hufungulia zaidi. Asiye na kisukari hata hajui, kongosho lake linaongeza kidogo insulini, homoni inayoshusha sukari, yanaisha. Kwetu sisi ini limekuwa kiziwi kwa insulini, linaendelea kumwaga tu.

Nesi mmoja ndiye aliyenitoa gizani. Aliniambia nipime wakati wa kulala, saa tisa usiku na nikiamka, siku kadhaa. Zangu zilikuwa 6.5, 6.4, kisha 8.2, yaani ilikuwa inapanda kuelekea alfajiri. Daktari alipoziona aliniongezea dawa ya metformini, ambayo kazi yake kubwa ni kulipunguza ini kasi. Wewe ukikuta ya saa tisa iko chini ya 4, hasa kama unachoma insulini, hilo ni jambo jingine: wahi kwa daktari na namba zako, usijipunguzie wala kujiongezea dozi.

Na unawe mikono kabla ya kujichoma kidole. Niliwahi kusoma 11 nikaingiwa na baridi, kumbe nilikuwa nimetoka kumenya tunda.