Jibu: Usiyachapishe hayo madodoso 150

Simama hapo hapo. Umesema kwamba Jumatatu utachapisha madodoso 150 ya Kiswahili, uyagawe kwa wachuuzi na makonda katika kituo cha teksi katikati ya Kampala, na kwamba umechagua Kiswahili kwa sababu "hakina kabila". Umeuliza pia kama idadi hiyo inatosha, nadharia ipi uiweke katika sura ya pili ya tasnifu yako, na kama unaruhusiwa kurekodi kwa simu. Nitayafikia hayo. Kwanza nikueleze jinsi maneno hayo hayo ya "hakina kabila" yalivyonigharimu mwaka mzima, karo ya muhula wa ziada, na heshima ndogo niliyokuwa nayo nyumbani.

Maneno yenyewe niliuziwa. Karibu na lango la chuo nilichosoma palikuwa na kijiduka cha kuchapa na kutoa nakala, na ndani yake bwana mmoja aliyejiita mshauri wa utafiti, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba na kompyuta iliyojaa tasnifu za watu waliokwisha kuhitimu. Kwa shilingi 150,000 alinipa dodoso lililo tayari, maswali 32, akabadilisha jina la wilaya tu. Aliponiona nasita kuhusu lugha, alishusha sauti kama mtu anayetoa siri: "Ukiuliza kwa Kiganda, watu wa kaskazini watanuna, ukiuliza kwa Kiingereza, wataona haya, Kiswahili hakina mwenyewe." Nilimwamini papo hapo, ilhali mimi ndiye niliyepaswa kumcheka. Nimezaliwa Bombo, katika nyumba inayosema Kinubi, lugha ya wazao wa askari wa Kisudani, jirani na kambi ya jeshi, na tangu utotoni nilijua ni nani huja akisema Kiswahili na jinsi watu wanavyonyamaza anapopita. Miaka mitatu ya chuo ilitosha kunisahaulisha jambo ambalo bibi yangu hakuhitaji darasa ili alijue.

Siku ya kwanza nilikwenda sokoni kwa mama mmoja aliyeuza nyanya. Kabla sijamfikia nilimsikia akimtania mteja kwa Kiganda juu ya bei. Simu ikalia, akaipokea kwa Kikiga, lugha ya watu wa Kabale, kusini-magharibi mwa nchi, sauti ikashuka na kulainika kama ya mtu anayezungumza na kaka yake mkubwa. Alipoikata akamwita kijana wa mkokoteni kwa maneno nusu Kiganda, nusu Kiingereza. Yote hayo hayakuzidi dakika tano. Kila nilichotaka kukijua kuhusu mawasiliano na utambulisho kilikuwa kimepita mbele yangu bure, nami nilikuwa nikitafuta kalamu. Nikamsogelea, nikasema kwa Kiswahili changu kilichonyooka, "Habari za kazi, mama. Nina maswali machache kuhusu lugha yako na kabila lako." Akanyoosha mgongo. Akausukuma mfuko wa pesa chini ya gunia kwa kisigino, tabasamu likatoweka usoni, akasema, "Ndiyo, afande."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Alijibu maswali yote 32 bila kutua. Yeye ni Mganda kwa kabila, nyumbani wanasema Kiganda, hana ugomvi na mtu yeyote, na serikali inafanya kazi nzuri. Hilo la mwisho sikuwa nimemuuliza. Nilijaza kila kisanduku kwa furaha, nikaenda kwa jirani yake, na kwa muda wa wiki saba nikakusanya madodoso 120 ya watu waliotaka niondoke. Nikayageuza kuwa majedwali, majedwali yakawa michoro ya rangi, na sitakuficha kwamba niliipenda sana ile michoro. Msimamizi wangu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: katika soko zima, sikumpata hata mtu mmoja anayesema lugha mbili nyumbani kwake? Akafungua dodoso lenyewe, akasoma swali la nne, kabila, na la tano, ukoo, akauliza kama nimeyanakili kutoka katika fomu ya kitambulisho cha taifa. Sikuwa na jibu, kwa sababu sikujua yule bwana wa kijiduka aliyatoa wapi.

Ninalotaka ulielewe, mdogo wangu, ni hili. Kiswahili hapa kwetu Uganda hakina kabila, kweli, lakini kina kumbukumbu. Tangu enzi za ukoloni kilikuwa lugha ya askari na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na watu wengi wa Kampala walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani kuliko darasani. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliyomwondoa Amin, pamoja na raia wa Uganda waliotoka uhamishoni, yalikuja nayo yakisema Kiswahili. Na wapiganaji wa Museveni waliotoka msituni mwaka 1986 walikuwa wakipeana amri kwa Kiswahili hicho hicho. Ni kweli kwamba marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na kwamba mwaka 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, nami nakipenda kiasi kwamba nakuandikia kwacho sasa hivi. Lakini mama wa nyanya hakuisoma katiba siku ile. Alimwona kijana mgeni, mwenye karatasi, anayeuliza kabila na ukoo kwa lugha ya amri, na akafanya alichofanya mama yake katika siku mbaya zaidi: akatoa jibu fupi ambalo haliwezi kumletea mtu matatizo.

Wala usinisome vibaya ukadhani nakukataza Kiswahili. Nenda katika mji wa Bweyale, ambako watu wa lugha nyingi wamekaa pamoja, utaona Kiswahili kinakufungulia milango. Zungumza na wakimbizi kutoka Kongo, ukiacha Kiswahili ndipo watakushangaa. Kosa langu lilikuwa kuichagua lugha mimi, tena nikiwa ofisini kwa bwana wa miwani, kabla ya kumsikia hata mtu mmoja. Kanuni niliyobaki nayo baada ya hasara ile ni moja, na usipolikumbuka jingine lolote nililoandika hapa nitaridhika: lugha ya kwanza ya mazungumzo huichagua mwenyeji. Wewe msalimie kwa salamu ya mahali pale, nyamaza, ngoja aanze, umfuate. Kisha andika katika daftari alianza na lugha ipi, aliibadilisha lini, na nani alikuwa amefika hapo alipoibadilisha. Hiyo ndiyo data yako. Majibu ya dodoso yatakuja baadaye, kama yatakuja.

Ukitaka nadharia, najua utamweka mwanasosholojia Erving Goffman, kwa sababu sote humweka: watu hujionyesha mbele ya wenzao kama waigizaji, kuna mbele ya jukwaa na nyuma yake, na kadhalika. Mweke. Lakini kumbuka kwamba kabla ya kuyaandika hayo alikaa katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, kati ya mwaka 1949 na 1951, na mojawapo ya mambo aliyoyatazama ni jinsi wahudumu wa hoteli walivyobadilika kila walipovuka mlango wa jikoni. Mimi nilimnukuu kurasa nne nzima bila kung'amua kwamba mama wa nyanya alikuwa akiniigizia mimi, na kwamba nyuma ya jukwaa lake nilikuwa nimepaona kabla sijafungua mdomo.

Nilirudi kwake muhula uliofuata, safari hii nikiwa na barua ya kamati ya maadili ya utafiti na ruhusa ya uongozi wa soko, lakini bila karatasi mkononi. Nilimsalimia kwa Kiganda, "Oli otya, nnyabo," yaani hujambo mama, nikanunua nyanya, nikaondoka. Nilifanya hivyo wiki mbili, mpaka nyumbani wakaniomba nitafute somo linalohusu nyama. Siku ya tisa alinivutia kreti, akaniambia nikae, naye ndiye aliyeanza kusimulia jinsi anavyowajibu wateja na jinsi anavyomjibu kaka yake aliyebaki Kabale. Nilimkumbusha lile dodoso. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Siku ile ungeniuliza kama mimi ni Mchina ningekubali," alisema, "ilimradi uende zako." Kurekodi nilimwomba wakati huo, kwa Kiganda, mbele ya jirani yake, akakubali kwa sharti kwamba niache kurekodi simu yake inapolia. Tasnifu iliyokubaliwa hatimaye ilikuwa na watu 14. Nilipolitaja hilo nyumbani, mjomba aliuliza kama wengine 106 walikufa.

Basi nirudie kwa mara ya mwisho kabla ya Jumatatu yako, maana ulipoandika kwamba dodoso "limeshaandaliwa na mtaalamu" moyo ulinidunda. Juzi nilipita karibu na lile lango la chuo na kijiduka kipo bado, rangi mpya ukutani, na bei imepanda hadi 200,000. Lifungue dodoso lako sasa hivi. Kama lina maswali 32, la nne kabila na la tano ukoo, mdai yule bwana pesa zako, na za kwangu pia.